Hatia ya Yezebeli

Yezebeli alikuwa binti wa Ethbaali, mfalme wa Wasidoni, aliyeozwa kwa Ahabu mfalme wa Israeli katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Ilikuwa ndoa ya kisiasa, ya kuunganisha ufalme wa bara na miji ya wafanyabiashara wa pwani ya Foinike. Dola alikoolewa haikuwa dhaifu. Jiwe la kumbukumbu la Shalmanesa III wa Ashuru linamtaja Ahabu miongoni mwa wafalme waliomkabili huko Qarqar mwaka 853 K.K., akiwa na magari ya vita 2,000 na askari wa miguu 10,000.

Vitabu vya Wafalme vinamtia Yezebeli hatiani kwa mambo mawili makubwa. La kwanza ni mateso ya kidini. Aliwaua manabii wa Bwana, hata Obadia, msimamizi wa jumba la Ahabu, akalazimika kuwaficha 100 mapangoni, huku manabii 450 wa Baali na 400 wa Ashera wakila mezani pake. Nabii Elia naye, baada ya kuwashinda manabii wa Baali katika mlima Karmeli, aliwachinja penye kijito cha Kishoni. Damu ilimwagika pande zote mbili, ila mwandishi anahesabu ya upande mmoja tu kuwa dhambi.

La pili ndilo zito zaidi, nalo limo katika 1 Wafalme 21. Ahabu alitaka shamba la mizabibu la Nabothi, lililopakana na jumba lake huko Yezreeli, alifanye bustani ya mboga. Akaahidi shamba bora zaidi, au fedha. Nabothi akakataa kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake, na Torati inahesabu nchi kuwa mali ya Mungu, isiyouzwa moja kwa moja. Mfalme akarudi nyumbani amenuna, akajilaza, akagoma kula. Hata yeye alijua kwamba hana haki ya kulichukua.

Yezebeli akaandika barua kwa jina la mumewe, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji. Mfungo ukatangazwa. Nabothi akaketishwa mbele ya watu, mashahidi wawili wa uongo wakadai kwamba amemtukana Mungu na mfalme, naye akatolewa nje ya mji akapigwa mawe. 2 Wafalme 9:26 inataja pia damu ya wanawe; hakubaki wa kudai urithi. Utaratibu wote ulizingatiwa: ibada, baraza, mashahidi wawili kama sheria inavyotaka, na adhabu iliyoandikwa. Sheria yenyewe ndiyo iliyogeuzwa silaha ya kuulia. Na wazee wale, majirani wa marehemu, walizisoma barua wakatii. Hakuna hata mmoja aliyesimama kumtetea.

Uzinzi, ambao ndio unaotajwa kwanza kila jina la Yezebeli linapotamkwa, haumo katika kesi hiyo. Unatokea mara moja, kinywani mwa Yehu, jemadari aliyekuwa akimpindua mfalme Yoramu mwana wa Yezebeli, naye anautaja pamoja na uchawi. Hosea, Yeremia na Ezekieli wanatumia lugha hiyohiyo kwa taifa zima lililoabudu miungu mingine. Hakuna sura inayosimulia kwamba Yezebeli alikuwa na mwanamume mwingine zaidi ya mumewe.

Unabaki wanja. Yehu alipoingia Yezreeli, Yezebeli alipaka macho, akapamba kichwa, akachungulia dirishani. Wengi wamesoma hapo jaribio la kumtongoza jemadari. Lakini huyu alikuwa mama wa wafalme wawili, mjane wa zaidi ya miaka kumi, na maneno aliyomrushia Yehu yalikuwa tusi: alimwita Zimri, muuaji wa bwana wake. Hayo si maneno ya mtongozaji. Alijipamba afe kimalkia. Matowashi wakamtupa chini, mbwa wakamla, na Yehu mwenyewe akaagiza azikwe kwa kuwa ni binti wa mfalme. Ahabu, baada ya kukemewa kwa ajili ya Nabothi, alikuwa amevaa gunia kwa toba, akaahirishiwa adhabu. Mkewe hakupewa nafasi hiyo. Kuhusu mauaji aliyoyafanya Yehu, Maandiko yenyewe hayana sauti moja: Hosea 1:4 inatangaza kwamba nyumba ya Yehu itadaiwa damu ya Yezreeli.

Baadaye jina likajitenga na habari yake. Ufunuo 2:20 unampa jina hilo mwanamke wa Thiatira aliyejiita nabii. Mwaka 1558 John Knox alilitumia dhidi ya malkia Mary wa Uingereza, katika kitabu cha kupinga utawala wa wanawake. Marekani, enzi za utumwa, picha ya mwanamke mweusi mwenye tamaa isiyozuilika, ambayo wanahistoria wameiita kwa jina hilo, ilitumika kuwasafisha mabwana waliowabaka watumwa wao. Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki husikika mahubiri juu ya roho ya Yezebeli, na mara nyingi anayelengwa ni msichana aliyepaka rangi ya midomo, au mke anayesema mbele ya wanaume.

Matumizi hayo yanawadhulumu wanawake wasio na hatia yoyote, na wakati huohuo yanawafunika wenye hatia ya aina ile hasa ambayo Yezebeli alihukumiwa kwayo: wanaoghushi nyaraka, wanaonunua mashahidi, wanaomwondoa mwenye shamba kwa muhuri wa serikali. Kumtetea Yezebeli hakuhitajiki. Aliua, na Nabothi anastahili kukumbukwa. Kinachotakiwa ni ashtakiwe kwa kosa lake. Wahubiri na walimu wa Biblia wanaombwa, kabla ya kumwita mwanamke yeyote kwa jina hilo, wasome 1 Wafalme 21 yote mbele ya waumini wao, pamoja na aya za wazee wa mji.