Uko na Kipimo?

"Malaria iko na kipimo. Taifodi iko na kipimo. Hii yako nani amepima?"

Hilo swali niliulizwa mwaka 2022, katika ofisi moja ya chuo kikuu ambacho sitakitaja. Nilikuwa nimeenda kuomba kuahirisha semista. Mkononi nilikuwa na karatasi ya kliniki, mhuri juu, imeandikwa dipresheni. Yule madam aliigeuza mbele na nyuma kama noti ya elfu anayoshuku ni feki. Nikamjibu vile nilivyoambiwa kliniki: serotonini imepungua kwa ubongo. Akaniuliza imepungua mpaka ngapi. Nikabaki kumwangalia. Semista ikaenda, karo ikaenda nayo, na mimi nikafuata.

Tangu hapo nimekuwa na muda mwingi wa kutafuta jibu, na kinachoniudhi ni kwamba swali la yule madam halikuwa baya. Aliyeniangusha ni aliyenipa jibu la kwenda nalo.

Hivi ndivyo nilivyopimwa. Nilipewa fomu ya maswali tisa, inaitwa PHQ-9. Kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya mambo, umekosa usingizi au umelala kupita kiasi, umejiona umefeli? Kila swali ni sifuri mpaka tatu, jumla kubwa kabisa ni 27, na ukifika 10 unahesabika kama mtu wa kuangaliwa. Mimi nilipata 16. (Fomu hiyo ilitengenezwa kwa ufadhili wa Pfizer, kampuni iliyokuwa ikiuza Zoloft. Sisemi fomu ni mbaya kwa sababu hiyo. Nasema tu.) Sikutolewa damu wala kupigwa picha ya kichwa. Lakini nikatoka pale na ripoti ya kemikali za ubongo wangu, ni kama niko na mita ya tokeni ndani ya fuvu na imesoma sifuri.

Na si ati hakukuwa na cha kupima. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ikizembea inaleta uchovu na huzuni ambayo ukiiangalia kwa macho tu utaapa ni dipresheni. Damu kidogo inatosha kuijua. Upungufu wa damu nao unachosha mtu vibaya. Hakuna aliyejisumbua. Kinachopimika hawakukipima, kisichopimika wakaniambia kimepungua.

Hadithi ya serotonini ilijengwa kinyumenyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wagonjwa wa TB katika hospitali ya Sea View, New York, walipewa dawa mpya, iproniazidi, na wengine wakachangamka kuliko mapafu yao yalivyostahili. Baadaye ikaonekana dawa hiyo inaongeza kemikali fulani za ubongo, serotonini ikiwemo. Basi watu wakapiga hesabu: kama dawa inaongeza, lazima ugonjwa ni upungufu. Kwa hesabu hiyo, mafua huja mwili ukiishiwa tangawizi. Isitoshe, dawa kama Prozac zinagusa serotonini ndani ya saa chache, ilhali nafuu, kama itakuja, inachukua wiki kadhaa. Kama shida ingekuwa tanki tupu, ukijaza si gari lingewaka?

Julai 2022, karibu nikipoteza hiyo semista, Joanna Moncrieff wa chuo cha UCL, London, na wenzake wakachapisha mapitio ya tafiti za miaka mingi. Hawakuona ushahidi thabiti kwamba dipresheni inasababishwa na serotonini kuwa chini. Wataalamu wengi wakajibu kwa kuinua mabega: aa, hiyo hatujaiamini miaka mingi, mambo ni magumu kuliko hivyo. Sawa. Kwani mlikuwa mnangoja nini kutuambia? Kama mlijua ni hadithi ya kurahisisha, mbona nilipewa mimi kama matokeo ya maabara?

Lakini kuna mwingine nina kesi naye. Mjomba wangu aliitupa habari hiyo kwa grupu ya familia: "Si mnaona? Hata wazungu wamekubali. Hawa vijana wapewe jembe." Mjomba, shikamoo, lakini soma tena. Hadithi moja imekufa, ugonjwa uko. Mwili umo ndani ya hii kitu. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi unachangia kama theluthi moja hivi, na si jeni moja ya kuonyeshwa kidole, ni nyingi mno, kila moja ikisukuma kidogo. Kuna kinamama inayowapata baada ya kujifungua. Kuna dawa, na zinasaidia watu. Mimi mwenyewe nilimeza miezi minane na ziliniwezesha kuamka na kuoga, kwa hivyo anayezitumia asiache ghafla kwa sababu amesoma makala ya mtu aliyeacha chuo. Theluthi moja ikiwa ni urithi, mjomba, hizo zingine mbili ziko kwa maisha. Jembe halijatajwa.

Hata hilo jina lenyewe halikushuka na mvua. DSM, kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani ambacho madaktari wa hapa pia hukifungua, kiliandikwa upya mwaka 1980 chini ya Robert Spitzer. Mambo ya chanzo yakawekwa kando, ikabaki orodha ya dalili: tisa, ukiwa na tano kwa wiki mbili, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa hamu, umehitimu. Nimepiga hesabu mwenyewe kwa karatasi, faida pekee niliyobaki nayo ya takwimu za mwaka wa kwanza: kuna njia 227 za kuhitimu. Watu wawili wanaweza kubeba jina moja na wakashiriki dalili moja tu. Na mpaka kabla ya Mei 2013, aliyefiwa na mamake wiki tatu zilizopita kwa kawaida hakuhesabiwa mgonjwa. Toleo jipya likatoka, kinga hiyo ikafutwa. Kifo ni kile kile, machozi ni yale yale. Kamati ndiyo ilikuwa imekaa.

Ndiyo maana naogopa mtu akiniambia ataniamini tu ubongo ukisema. Nairobi tushawahi kusemewa ubongo. J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni, aliendesha Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, na alianza bila kusomea magonjwa ya akili. Aliona wachache wenye dipresheni kati ya Waafrika waliolazwa, akaamua ni nadra kwetu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake, ambamo Mwafrika wa kawaida anafananishwa na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Hakujiuliza nani alikuwa analetwa Mathari. Anayepiga watu mawe sokoni ataletwa. Anayekaa kimya nyumbani, hali, haongei, nani atamfunga kamba ampeleke? Biolojia ilitumika kusema hatuwezi kuumwa hivi. Siwezi kuikabidhi tena funguo za kuamua nani anaumwa kweli.

Na kuhusu ile 16 yangu. Swali la tisa la fomu linauliza kama umewaza kwamba ingekuwa heri ufe. Nilijaza sifuri. Mwaka huo kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilikuwa bado hai, kujaribu kujiua ni jela mpaka miaka miwili, na mimi sikujua mpaka kati ya kuwaza na kujaribu polisi wanauchora wapi. Mahakama Kuu imekuja kukitangaza kinyume cha katiba Januari 2025.

Mwaka uliofuata nilienda kliniki nyingine na ile karatasi ya zamani. Sista aliyenihudumia alinitoa damu kwanza. Akaniuliza kodi nalipa na nini, na kama nilikuwa nimekula. Kisha akaweka kidole kwa ile sifuri.

"Na hii? Ni ya ukweli?"

Nikamwambia hapana. Akaamka, akafunga mlango, akarudi akakaa.