Deni la Askari na Siri za Taifa

Askari hupimwa kwa afya yake, kwa shabaha yake na kwa utii wake. Nchini Marekani hupimwa pia kwa madeni yake. Askari au mtumishi wa serikali anayetakiwa kushika siri za taifa hawezi kukabidhiwa kazi hiyo mpaka apate kibali, na kabla ya kibali hicho mwenendo wake huchunguzwa. Mwongozo wa uchunguzi huo ulioanza kutumika Juni 2017 una vifungu 13, na kimojawapo kinahusu fedha za mwombaji.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtu aliyebanwa na madeni huweza kushawishiwa kuuza kile alichoapa kukilinda. John Walker alikuwa afisa katika Jeshi la Wanamaji la Marekani. Alifungua baa, biashara ikadorora, madeni yakamwelemea. Mwishoni mwa mwaka 1967 aliingia katika ubalozi wa Urusi ya Kisovieti mjini Washington, akauza siri za mawasiliano ya jeshi lake. Aliendelea na uhaini huo hadi alipokamatwa Mei 1985. Wala hakuangamia peke yake. Kaka yake, Arthur, ambaye biashara yake nayo ilikuwa imeanguka kwa madeni, aliingizwa katika mtandao huo. Na mwanawe, Michael, baharia kijana, aliingizwa vilevile. Ndugu hao wawili walihukumiwa kifungo cha maisha, wote wakafia gerezani mwaka 2014. Kijana alihukumiwa miaka 25.

Hata hivyo, deni lenyewe si kosa. Wachunguzi hawamkatai mtu kwa kuwa amekopa ili ajenge nyumba au asomeshe watoto. Wanayemtilia shaka ni yule anayeweza kulipa lakini hataki, mcheza kamari, mkwepa kodi, na yule ambaye anasa zake hazilingani na mshahara wake. Aliyeingia katika deni kwa ugonjwa, msiba, talaka au kupoteza kazi husikilizwa, mradi aonyeshe kuwa hakuwakimbia wanaomdai, bali alipatana nao na anaendelea kulipa. Anayeficha hujiongezea mzigo, kwani kusema uongo kwa makusudi katika fomu ya maombi ni kosa la jinai linaloweza kumtia gerezani hadi miaka 5.

Serikali ya nchi hiyo ilitambua pia kwamba si kila askari mwenye deni ni mzembe. Wakopeshaji wa riba kubwa walikuwa wamejenga maduka yao karibu na malango ya kambi, wakimngojea kijana mwenye mshahara wa hakika na uzoefu mdogo. Mwaka 2006 ilipitishwa sheria iliyoweka kikomo cha riba ya asilimia 36 kwa mwaka katika mikopo mingi ya wanajeshi na familia zao. Askari aliyenyang'anywa kibali kwa sababu ya madeni ni hasara kwa jeshi lililomfundisha.

Mafunzo haya hayahitaji kuvuka bahari ili yafae. Nyumba ya askari huendeshwa kwa mshahara unaojulikana kiasi chake na siku yake. Ni wajibu wa mume na mke kukaa pamoja siku hiyo, kuandika chakula, karo, kodi ya nyumba na madeni, kabla ya senti moja kutoka. Deni ambalo mume humficha mke, au mke humficha mume, hukua gizani. Na mwenye kuzoea kuficha nyumbani hujifunza kuficha kazini. Anayeona ameshindwa amwendee mdai wake na mkuu wake mapema, kabla mtu mwingine hajamwendea kwa ahadi ya fedha za bure.

Wahenga walisema kuwa dawa ya deni ni kulipa. Lakini mgonjwa hatibiwi kabla hajasema anapoumwa.