Aliyemsikiliza ndiye aliyempoteza

Wapo wazazi wanaoziona filamu za Star Wars kuwa ni kelele tupu za panga za mwanga na vyombo vya angani. Leo hatukusudii kuhimiza wala kukataza zitazamwe. Lakini katika filamu tatu alizoziongoza George Lucas, zilizotoka mwaka 1999, 2002 na 2005, mna kisa cha malezi kinachostahili kuzingatiwa na kila mzazi na kila mwalimu: kisa cha kijana hodari, mwenye huruma, aliyelelewa na watu wema, kisha akaishia kuwa dhalimu.

Kijana huyo ni Anakin Skywalker. Mwanzoni ni mtoto mdogo, mtumwa pamoja na mama yake, Shmi, katika sayari ya jangwa. Qui-Gon Jinn, mmoja wa Jedi, yaani walinzi wa amani katika ulimwengu ule wa kubuni, anamkomboa mtoto. Mama anabaki utumwani. Baraza la Jedi linamsaili, linabaini kuwa ana hofu na kwamba moyo wake ungali kwa mama yake, na linasita kumpokea. Basi hofu yake ilijulikana tangu siku ya kwanza. Qui-Gon anauawa kabla ya kumlea, na mzigo unamwangukia Obi-Wan Kenobi, ambaye ndiyo kwanza amehitimu mwenyewe. Anaupokea kwa sababu ya ahadi aliyompa mwalimu wake akikata roho.

Obi-Wan hakuwa mlezi mbaya. Alimpenda kijana wake na kumfundisha alichokijua. Ila Anakin alipoanza kuota mama yake akiteseka, jibu alilopewa ni kwamba ndoto hupita. Hazikupita. Alipokwenda kumtafuta alimkuta mateka, taabani, akamfia mikononi. Kwa ghadhabu akawaua watu wote wa kambi ile, wanawake na watoto wakiwemo. Hatumwoni akimweleza mwalimu wake habari hiyo. Tunakuja kugundua katika filamu ya tatu kwamba aliyeelezwa ni Palpatine, mkuu wa dola, mzee mpole wa maneno ambaye kwa siri ndiye adui mkubwa wa Jedi. Naye hakuisahau siri ile. Baada ya kumshawishi Anakin amuue mfungwa asiye na silaha, na kijana kuanza kujuta, alimkumbusha kwamba haikuwa mara yake ya kwanza.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Anakin anaota tena, safari hii mkewe Padmé akifa katika uzazi. Anamwendea Yoda, mwalimu mkuu kuliko wote, lakini hathubutu kumtaja mkewe, kwani Jedi hawaruhusiwi kuoa na ndoa yao ni ya siri. Yoda anamshauri ajizoeze kuachana na kila anachoogopa kukipoteza. Maneno hayo yana hekima, lakini kijana aliyemzika mama yake na sasa anamwogopea mkewe hakuyaona kuwa ni dawa. Siku hizohizo Baraza linampa kiti na kumnyima cheo cha ualimu kinachoendana nacho, kisha linamtaka, kupitia kwa Obi-Wan, ampeleleze Palpatine aliyemfanya rafiki.

Palpatine yeye hakuwa na haraka. Alimsifu, akamkaribisha pembeni yake, akamsimulia habari za mtu aliyeweza kuwazuia awapendao wasife. Anakin alipokwisha kuahidi kufanya lolote atakaloambiwa, ndipo mzee akatamka kwamba siri hiyo watakwenda kuitafuta pamoja. Yaani alichouziwa kijana hakikuwepo. Padmé akafa vilevile.

Hatusemi kwamba Anakin hana hatia. Alikuwa mtu mzima, na damu aliyoimwaga ni yake. Lakini Obi-Wan mwenyewe, katika pambano lao la mwisho la filamu ile, anakiri mbele yake kwamba ameshindwa kumlea. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kisa hiki kinatuonya kwamba hata aliyefunzwa huweza kuchukuliwa na ulimwengu, iwapo waliomfunza walijua kusema tu, wasijue kusikiliza.

Tuyatazame majumba yetu. Mtoto anayekuja na ndoto mbaya, na swali la aibu, au na kosa alilolifanya, aghalabu hukutana na karipio kabla hajamaliza kueleza. Akirudi mara mbili, tatu, akakuta mlango umefungwa, hatarudi tena. Siri yake haitatoweka, ataipeleka kwingine. Huenda akaipeleka kwa mtu mzima anayempa sifa na zawadi, na kumwambia: hili tusimwambie mama yako. Maneno hayo yakisikika nyumbani, mzazi asiyapuuze hata kidogo. Vivyo hivyo kwa rafiki wa kwenye simu ambaye hakuna aliyepata kumwona uso.

Kusikiliza si kukubali kila jambo. Mzazi anaweza kukataza na kuadhibu, lakini amwache mtoto afike mwisho wa maneno yake kwanza, kisha amuulize anachokiogopa. Mwalimu wa shule na ustadhi wa madrasa nao wajue kwamba kijana mwenye kipawa anaweza kuwa ndiye mwenye hofu kubwa zaidi, na kwamba sifa ya haki anayonyimwa na wampendao ataitafuta kwa wasiompenda.

Katika filamu ya mwaka 1983, Luke, mwana wa Anakin, anaambiwa na Obi-Wan yuleyule kwamba baba yake hana tena la kuokolewa. Yeye anakataa kuamini, na mwishowe baba anageuka na kumwokoa mwanawe. Tusingoje kufika huko. Usiku wa leo, kabla ya taa kuzimwa, tumuulize mtoto habari za siku yake, nasi tunyamaze mpaka amalize.