Daftari la madeni ndilo lililoniokoa
Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, nilikuwa nauza mbegu za mboga na mabomba ya kupulizia dawa. Nilikuta mabomba yameyeyuka, yamegandana kama kashata. Kila mtu, "Kopa!" Nikope nini, na mkopo wa kwanza sijaumaliza? Bahati nzuri daftari la madeni nilikuwa nimerudi nalo nyumbani. Nikawapigia wateja wangu wa Morogoro mmoja mmoja. Wengi walilipa kidogokidogo; wawili hadi leo hawapokei simu. Hela hiyo nikanunulia katoni tatu za mbegu za nyanya na mchicha, nikatandika turubai barazani kwa shemeji, Buguruni. Miezi saba juani pale! Sasa nina fremu, na daftari bado silazi dukani.