Picha za Karatu: diski au mtandaoni?

Dada zangu, leo nina maoni kuhusu picha zetu, na siyasemi kwa utaalamu. Nayasema kwa uchungu.

Tulikwenda Karatu wanawake sita kutoka Unguja, mama yangu akiwemo. Asubuhi tukapita geti la Lodoare hadi pale watu wanaposimama kuiangalia kreta. Baridi ilikuwa kali. Mama kajifunga kanga mbili juu ya buibui, anacheka kama msichana. Nilipiga picha zaidi ya mia nne. Tuliporudi nikazihamishia kwenye diski ya nje, ile ya kuchomeka kwenye kompyuta, nikazifuta zote simuni ili nipate nafasi. Miezi michache baadaye mtoto akajikwaa kwenye waya, diski ikaanguka sakafuni. Fundi aliisikiliza inavyogonga ndani, akatikisa kichwa. Wakati huo mama ameshatangulia mbele ya haki. Zimebaki mbili nilizomtumia dada kwa WhatsApp, ambayo hupunguza ubora. Ukizikuza, uso wake unakuwa ukungu.

"Ungeziweka mtandaoni," shoga zangu huniambia. Kweli, zile za safari ningeziweka. Lakini tangu Juni 2021 Google inahesabu kila picha mpya ndani ya GB 15 za bure, pamoja na barua pepe zako, na akaunti isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa. iCloud ya bure ni GB 5 tu. Na Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, sote tunakumbuka intaneti ilivyokuwa.

Halafu kuna picha zetu za ndani, za hina na singo, vichwa wazi. Simu nyingi hupandisha kila picha zenyewe, na akaunti hiyohiyo imefunguliwa kwenye tableti ya watoto. (Nenda kaangalie yako sasa hivi, nakusubiri.) Hizo sizipandishi. Ziko kwenye diski mbili zenye neno la siri, moja kwangu, moja kwa dada yangu Wete.

Siku ile Ngorongoro tulipita pia makumbusho ya Olduvai, tukaona nakala ya nyayo za Laetoli, zenye miaka milioni 3.6. Mary Leakey na wenzake walizifukua 1978 na 1979, kisha wakazifukia zisiharibike. Kumbe udongo ulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikazitishia, ikabidi miaka ya 1990 zifunuliwe, mizizi itolewe, zifukiwe upya. Ndiyo maana siku hizi nazifungua diski zangu kila miezi mitatu, khasa kwa hii hewa yetu ya chumvi, na za safari nazipandisha usiku uleule, kwa Wi-Fi ya hoteli, kabla ya kufuta hata moja simuni.

Zile mbili za ukungu nimezichapisha. Moja iko sebuleni.