Mbona Tunachangia Jeneza Tu?

Hapa Ruziba, sisi wakimbizi wa Kongo tunajua kuchanga. Juzi mzee mmoja alifariki. Ndani ya siku mbili jeneza, gari na chakula cha kilio vikapatikana. Hakuna aliyesema, "Hatuna kitu, sisi ni wakimbizi." Maneno hayo niliyasikia siku nilipoomba nauli ya dada yangu.

Dada yangu ana ugonjwa wa akili. Anasikia sauti, anakesha siku nyingi. Hospitali ya magonjwa hayo, ile ya Frères de la Charité, iko Kamenge, kaskazini ya mji. Sisi tuko kusini, njia ya Rumonge. Basi la kwanza hadi mjini, la pili hadi Kamenge, kurudi vilevile, na lazima asindikizwe. Msindikizaji ni mimi, muuza ndagala. Siku ya kumpeleka siuzi, na nisipouza hatuli. Tena baadhi ya dawa hizo zinaleta njaa kali! Mtu ameze dawa ya njaa katika nyumba isiyo na chakula, ataendelea nazo hadi lini?

Akaziacha. Ugonjwa ukarudi. Majirani wakasema: "Si tulisema? Ni pepo!" Wengine eti tumpeleke chumba cha maombi, na dawa asiziguse tena. Jamani, mimi pia nasali. Lakini sala na dawa si wake wenza. Mgonjwa wa sukari mbona hatumwambii aache sindano?

Nasema wazi: kilichomwangusha dada yangu si pepo. Ni sisi kumwacha. Watoto wanamwita kichaa, wakubwa wanacheka, na usiku namlinda peke yangu hadi kunakucha.

Tufungue daftari la pili, kando ya lile la kilio. Kila nyumba iweke kidogo: nauli, unga wa mihogo, maharage. Asiye na pesa atoe siku moja kwa mwezi, amsindikize mgonjwa Kamenge, au akae naye ili anayemtunza alale. Hilo halihitaji udaktari. Na tumwite kwa jina lake.

Mkikataa, basi siku ya mazishi msije na bahasha zenu. Nitawauliza palepale mbele ya jeneza: pesa hizi zilikuwa wapi alipokuwa anatafuta nauli ya basi?