Kofi la Dakika ya Kwanza

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nimekuja na hasira. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, kisha mnihukumu.

Mwaka juzi nilishuka na basi la alfajiri kutoka Lushoto, Soni, Mombo, mpaka Dar, na mswada wangu wa filamu ndani ya bahasha ya kaki. Mimi nimeishia kidato cha nne, chuo sijakiona, ila hadithi ninazo. Hii ilikuwa ya kijana wa Mlalo anayebeba mapeasi kwenda kumtafuta baba aliyeitelekeza familia. Ilianza taratibu: ukungu, njia nyembamba, pumzi ya mtu anayepanda mlima na tenga kichwani.

Prodyuza mmoja, jina lake nalihifadhi, alisoma kurasa mbili tu. Akachukua simu. "Dogo, sogea uone." Kwenye kioo kulikuwa na mstari ulioanzia juu kisha ukaporomoka kama barabara ya Soni kwenda Mombo. "Hii ni filamu yetu ya mwezi uliopita. Unaona hapa? Sekunde ya arobaini watu wameshakimbia. Ukungu hauuzi, bwana. Weka kofi dakika ya kwanza."

Nikaweka kofi. Ndiyo, jamani, nakiri mbele yenu. Mama mkwe akamzaba mkwewe kofi hata kabla mtazamaji hajajua majina yao. Nikapewa elfu hamsini, filamu ikaenda YouTube, jina langu halikuandikwa popote. Miezi mitatu baadaye nikapiga simu: kaka, idadi ya waliotazama nimeiona, sasa imeingiza shilingi ngapi? Akacheka. "Hayo mambo ya ofisi, dogo."

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Takwimu za kunifundisha kuandika nilionyeshwa mpaka sekunde. Ilipofika zamu ya takwimu za fedha, ati ni siri ya ofisi!

Sisi watu wa Usambara biashara ya namna hii tunaifahamu. Mkulima wa kabichi pale Lukozi anaambiwa na dalali kwamba bei ya mjini imeanguka, naye soko la mjini hajaliona. Kisha anajaziwa lumbesa: gunia linavikwa kilemba cha kabichi juu, lakini linahesabiwa gunia moja. Mwenye habari za soko ndiye anayepanga bei, na siku zote si yule aliyeshika jembe.

Msidhani nachukia kuhesabu watazamaji. Utotoni nilikuwa mteja wa kibanda umiza pale Soni, shilingi 200, unakaa kwenye benchi la mbao. Zilipigwa filamu za nje zilizotiwa Kiswahili cha mtaani na watafsiri wa aina ya Derek Mukandala, yule maarufu kwa jina la Lufufu. Siku nyingine kijana wetu wa palepale alishika kipaza sauti na kututafsiria mwenyewe. Yule bwana alikuwa anatutazama sisi kuliko filamu. Akiona tunasinzia, anaongeza chumvi. Akiona mama mmoja anafuta machozi, ananyamaza kimya. Hizo nazo ni takwimu, lakini zilikuwa na uso. Na mapato je? Kila mtu aliweza kuhesabu vichwa, akazidisha kwa 200, akajua mwenye kibanda amelala na ngapi.

Wala sisemi enzi za sidii na DVD zilikuwa pepo. Wakati wa marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, filamu za Bongo ziliuzwa kwa diski kutoka Kariakoo. Wengi waliuza haki zao kwa msambazaji mara moja, basi. Hadithi ikakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili. Kwa hiyo mfanyabiashara kuingiza mkono kwenye hadithi si jambo la leo. Baadaye maharamia wakazinakili diski, simu zikaja, visimbuzi vikaja, biashara ya diski ikadidimia. Watu wakahamia YouTube, ambako kwa filamu ndefu mlango wa kugawana mapato ya matangazo, tangu mwaka 2018, ni wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ndiyo maana kila prodyuza sasa anatembea na ule mstari mfukoni kama hirizi.

Lakini hebu tuuhoji mstari wenyewe. Unasema watu walikimbia sekunde ya arobaini. Nani kausaidia kujua kwa nini? Mama yangu aliitazama ile filamu akiwa jikoni. Dakika ya nne ikakata. Hakuichoka, bando lilikwisha! Jirani yetu anaishi bondeni, mtandao unamfikia akipanda kwenye kichuguu. Naye kahesabiwa kuwa kakimbia. Katika nchi ambayo watu wananunua bando la siku, mstari ule unapima mfuko wa mtu kisha unadai umepima moyo wake. Na nyumbani kwetu tulikuwa watano tumezunguka simu moja. Tumehesabiwa mtazamaji mmoja. Hiyo si lumbesa ya watazamaji ni nini?

Kuna kubwa zaidi. Takwimu zinahesabu kilichokwisha kutengenezwa. Zimwulizeni habari za Mbegha uone kama zitajibu. Mwindaji wa nguruwe kutoka Ungulu, kigego, aliyeota meno ya juu kwanza, ndugu zake wakamnyima urithi. Akapanda milima hii yetu, akagawa nyama, akaua simba, Wasambaa wakamfanya mfalme pale Vugha. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Filamu kubwa ya Mbegha mimi sijaiona. Prodyuza atakwambia haina soko, kwa kuwa hakuna mstari wake. Mstari utatoka wapi na filamu haipo?

Adam Shafi alichapisha riwaya ya Vuta N'kuvute mwaka 1999. Amil Shivji aliifanya filamu, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Miaka 22 kitabu kilikaa kinasubiri. Shafi hakuandika kwa kuangalia sekunde ya arobaini, na ndiyo maana kulikuwa na kitu cha kusubiri.

Mtaniambia: wewe kijana wa kijijini utapigana na nani? Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani walianza mgomo tarehe 2 Mei 2023, ukadumu siku 148. Katika waliyoyapata, kampuni kubwa za filamu za mtandaoni zilikubali kukipa chama chao idadi ya saa ambazo kazi zao kubwa zimetazamwa, ingawa kwa masharti ya siri. Desemba mwaka huohuo Netflix ikatangaza hadharani saa za kutazamwa za filamu na vipindi zaidi ya 18,000. Kumbe hesabu zinafunguka, watu wakisimama pamoja.

Sisi hatuna chama chenye misuli ile. Tuanze na tuliyonayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999: sajili mswada wako COSOTA kabla hujapanda basi. Usikubali makubaliano ya mdomo kama niliyokubali mimi. Andikeni katika mkataba: jina langu lionekane, na ripoti ya mapato nionyeshwe kila baada ya miezi mitatu. Akikataa kukuonyesha fedha, nawe kataa kuonyeshwa mstari.

Mimi nimeirudia hadithi yangu. Safari hii ni riwaya, na nimefika sura ya saba. Kijana wa Mlalo bado anapanda na tenga lake, ukungu umerudi mahali pake, na kofi nimelifuta. Mama amenisikiliza nikimsomea sura mbili usiku, taa ya chemli mezani, bila bando. Hakukimbia. Alipochoka aliniambia, "Weka alama hapo, mwanangu, kesho uendelee."

Mwenye macho haambiwi tazama.